Mwali wa Rangi ya Ua la Kiazi

Suna, Migori
11 Julai 1994

Anti Filister,

Utanisamehe kwa kutokuuliza hali kwanza. Hali yangu ndiyo imenishikisha kalamu. Nimefukuzwa shule, na si kwa sababu ya karo. Nimerudi nyumbani na barua yenye muhuri, na baba ameisoma mara mbili mbele ya mama kama anayetangaza msiba.

Tangu uondoke Aprili kwenda kwa wakwe zako Magunga, maabara haina mwenyewe. Bwana Joash anafundisha kemia na kufungua kabati yeye mwenyewe. Jumanne iliyopita alitaka kutuonyesha kundi la kwanza la jedwali la elementi, zile metali laini zinazokaa ndani ya mafuta ya taa. Akaniita mbele kwa sababu, alisema, mimi ndiye mwenye mdomo. Chupa ilikuwa imeandikwa sodiamu. Kilibaki kipande kimoja tu, chini kabisa, kimefungwa kitambaa cheupe chenye mistari ya kijani. Nikakifungua, nikakata kiasi cha punje ya njegere kama alivyoniambia, nikakitia kwenye beseni la maji.

Sodiamu ninaijua. Wewe mwenyewe ulituonyesha tukiwa kidato cha pili. Inajiviringa, inakimbiakimbia juu ya maji ikilia kama mafuta kikaangoni, halafu inaisha. Hii haikungoja kukimbia. Iliwaka palepale, mwali wa rangi ya ua la kiazi kitamu, kisha ikapasuka. Cheche ilimpata Teresa shavuni, chini kidogo ya jicho, na meza ikaungua. Teresa amelazwa Homa Bay mjini. Jicho ni zima, lakini shavu litabaki na alama, na mimi nimelia kwa ajili ya hilo shavu kuliko nilivyolia kwa ajili yangu.

Sasa Mwalimu Mkuu anasema nilikata pande la ukubwa wa kidole gumba ili nijionyeshe. Bwana Joash alisimama kando yangu akaona nilichokata. Alipoulizwa, aliangalia viatu vyake. Wameandika ungamo, limepigwa taipu tayari, linangoja sahihi yangu tu. Bodi ya shule inakutana Ijumaa tarehe 19 Agosti. Nikitia sahihi, narudi kufanya mtihani wa kidato cha nne. Nisipotia, nimeaga kabisa.

Sitatia. Baba ni mzee wa kanisa na anasema kukiri hakumshushi mtu. Nimemwambia amri ya tisa inakataza ushuhuda wa uongo, na haijasema unaruhusiwa ukijishuhudia mwenyewe. Tangu jana hatuongei.

Wewe ulililea lile kabati miaka tisa. Niambie jambo moja tu. Sodiamu inaweza kuwaka zambarau?

Ni mimi,
Scovia Moraa Machuki

*

Magunga
17 Julai 1994

Scovia nyathina, mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, jembe mkononi. Masikini Teresa. Nilimfundisha kushika kikoleo, alikuwa akikishika kama kijiko cha uji.

Umeniuliza na mimi nitakujibu. Sodiamu ikishika moto mwali wake ni manjano. Lakini moto ni moto, na mtu akishtuka macho yake hujionea rangi yanayoitaka. Usijenge nyumba juu ya rangi.

Sikiliza maneno ya mtu aliyekula chumvi kukushinda. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Tia sahihi, ufanye mtihani wako, uende zako. Karatasi moja haikufuati maisha yote. Mimi niliingia shule ile nikiwa na ufagio. Majina ya dawa niliyasoma kwenye lebo nikipangusa vumbi, na hata nilipoijua maabara kuliko walimu wawili waliopita, Mwalimu Mkuu aliendelea kuniita mfagiaji. Nilimwitikia. Sikufa kwa kuitwa.

Hapa Magunga inafunguliwa shule ya kutwa na wanatafuta mtu wa maabara. Nimeomba. Wanangoja barua ya Mwalimu Mkuu wenu kunihusu, na watoto wangu watatu wanaingoja pia bila kujua. Kwa hiyo mwanangu, ukienda kwa hiyo bodi, nakuomba usinitaje.

Nakuombea kwa moyo wote.

Filister Awino

*

Suna, Migori
22 Julai 1994

Anti Filister,

Mkono huo sibusu. Unuke mafuta ya taa au unuke marashi, sibusu.

Umesema mwenyewe: sodiamu ni manjano. Basi tuliyoiona haikuwa sodiamu, na macho yangu hayajaniongopea. Darasa zima liliona. Wasichana thelathini na nane hawawezi kushtuka kwa rangi moja.

Nimekaa jikoni kwa mama na kijiti cha mkaa nikachora jedwali ukutani, namna ulivyotuchorea uani pale nyuma ya maabara. Bwana Joash alikuwa ametusomesha kutoka kitabuni wiki nzima hatukushika kitu. Wewe ukaacha ndoo, ukachora boma. Ukasema kila safu inayoshuka ni nyumba ya mke mmoja, na watoto wa nyumba moja hufanana tabia. Kundi la kwanza wote wana elektroni moja tu ya nje na wote wanatamani kuigawa. Lithiamu ni kifungua mimba, mpole. Anayefuata ni sodiamu, kisha potasiamu, na kila anayezaliwa ana hasira kumshinda aliyemtangulia. Nikauliza kwa nini. Ukasema kwa sababu kila ukishuka atomi inaongezwa tabaka, inanenepa, na ile elektroni ya nje inakaa mbali zaidi na kiini. Mtoto akikaa mbali na mama, kuitwa hasikii. Kitu kidogo tu, ameondoka.

Nimeyaandika haya ili ujue kwamba sikuyasahau. Nimemaliza kuchora nikaona jibu liko hapo ukutani. Kilichowaka zambarau bila kungoja ni mdogo wake sodiamu. Ndani ya chupa ya sodiamu kulikuwa na potasiamu. Punje ya njegere ya sodiamu haina neno. Punje ya njegere ya potasiamu, mbele ya wasichana waliosogea karibu, ndiyo hii tuliyoiona.

Lakini iliingiaje? Potasiamu ilikuwa na chupa yake. Naikumbuka, ya kahawia, kifuniko chake kimepasuka ukingoni. Nilimtuma mwenzangu mmoja akamuulize Bwana Joash, na Bwana Joash anasema chupa kama hiyo haijawahi kuwako. Imekwenda wapi, Anti?

Na hilo la kutokutaja. Kundi la nane wako pale mwisho wa jedwali, akina agoni, wameshiba, hawagawi wala hawapokei, hawajiungi na mtu yeyote. Sikujua kama siku moja utahamia huko. Umeniuma kidogo, nakwambia wazi.

Scovia

*

Magunga
27 Julai 1994

Scovia,

Chupa huvunjika na chupa hupotea, na mimi sikuondoka na funguo za shule. Vitu vya nyumba moja vikichanganyika si lazima awepo aliyekusudia ubaya.

Usiniandikie tena habari za chupa. Barua hapa zinapitia dukani na mwenye duka ana macho marefu. Mama mkwe wangu anaumwa mgongo na mahindi yananingoja.

Bado nasema tia sahihi.

F. Awino

*

Suna, Migori
1 Agosti 1994

Anti Filister,

Nimekumbuka kitambaa.

Mama alikuwa akikata pazia kuukuu apate matambara ya kushikia sufuria, nikasimama katikati ya jikoni kama niliyepigwa. Kitambaa cheupe chenye mistari ya kijani. Chumba chako kilikuwa kando ya maabara, na dirishani kulikuwa na pazia, na pazia hilo nimeliona kila siku miaka mitatu. Upande wa chini lilikuwa limekatwa kipande. Tulikucheka, tukasema panya wako wana mkasi.

Kisha nikaisoma tena barua yako. Sikukuambia kuwa kuna mtu aliyekusudia ubaya au asiyekusudia. Niliuliza tu iliingiaje na chupa imekwenda wapi. Kumtetea asiyekusudia kumetoka kwako, na habari ya funguo imetoka kwako.

Sikuchukii, bado. Nina hasira, na hasira si chuki. Wiki tatu nimekuandikia kama mtu anayemwandikia shahidi wake, kumbe shahidi wangu anajua kila kitu na ananiambia nibusu mkono. Ulitaka niandike kwa mkono wangu kwamba mimi ndiye niliyemuunguza Teresa, halafu wewe upate barua ya kazi. Sijui kama ulilipanga hivyo. Nakuonyesha tu linavyoonekana likiwa limelala juu ya meza.

Baba amenunua kalamu mpya ya kutilia sahihi. Ameiweka kando ya Biblia yake. Ninaipita kila siku kama ninavyompita mbwa wa jirani.

Nakuuliza wazi na nataka jibu la wazi. Ni wewe uliyeiweka?

Scovia Moraa

*

Suna, Migori
8 Agosti 1994

Anti Filister,

Hujajibu. Bodi ni Ijumaa tarehe 19, saa nne asubuhi, katika ofisi ya Mwalimu Mkuu. Nitakwenda hata kama sina mtu, na nitasema zambarau mpaka wachoke kunisikia.

Scovia

*

Magunga
13 Agosti 1994

Scovia mwanangu,

Barua hii nimempa Cephas, anayepeleka mahindi soko la Migori, akuletee mkononi. Sitaki ipitie dukani na sitaki ichelewe.

Ni mimi niliyeiweka.

Mwezi wa pili mafuta ya taa ndani ya zile chupa yalikuwa yamekauka mpaka vichwa vya metali vinaonekana. Ulijifunza mwenyewe kwamba zikiguswa na hewa zinaoza, na zikiguswa na unyevu mbaya zaidi. Niliandika ombi la mafuta, Mwalimu Mkuu akalirudisha. Niliandika la pili. La tatu nililipeleka mwenyewe. Akaniambia, mafuta ya taa ni ya taa, nenda ukafagie. Mafuta yaliyobaki yalitosha chupa moja.

Sasa sikia kosa langu, na ulisikie lote. Kwetu watoto wa tumbo moja hulala mkeka mmoja. Wa nyumba tofauti ndio unaowatenga wasipigane. Nikawaza, hawa wawili ni wa nyumba moja, watavumiliana. Nikakata pazia, nikakifunga kipande cha potasiamu kisigusane na mwenzake, nikakilaza chini ya chupa ya sodiamu. Lebo sikuandika. Nilijiambia ni ya siku chache, mafuta yatakuja. Kisha wakwe wakaniita nikaondoka, na kwa haraka ya kuondoka sikumwambia Joash. Mimi niliyewachorea boma, nikawafundisha kwamba nyumba ni moja lakini hasira si moja, niliyasahau maneno yangu siku niliyoyahitaji.

Ulipoandika mara ya kwanza nilijua tangu kwenye kitambaa. Kukuambia utie sahihi lilikuwa jambo baya na nililijua kuwa baya nikiliandika. Si kazi peke yake, ingawa ni kazi pia. Miaka tisa mtu yule alisema mfagiaji hawezi kushika kemikali. Nikisema ni mimi, nimempa ushindi. Nilikuwa tayari wewe uungue ili yeye asinicheke. Hiyo ndiyo aibu yangu, na hata sikuombi uisamehe leo.

Chupa ya kahawia iko hapa dirishani. Niliichukua kwa sababu ilikuwa tupu na nzuri, nimeweka vifungo vya nguo. Lebo yake haijabanduka. Kila barua yako nimeisoma ikiwa mbele yangu, na Jumatano mwanangu mdogo aliitikisa vile vifungo akicheza, nikampigia kelele mpaka akalia. Hapo ndipo nilipochoka.

Nakuja. Sitatuma karatasi, maana karatasi zangu tatu walizifanyia walivyotaka. Nitakuja na chupa na miguu yangu, na nitayasema maombi matatu ya mafuta kwa tarehe zake. Mtu akinicheka, acheke nikiwa ndani ya chumba.

Kalamu ya baba yako usiiguse.

Filister Awino

*

Magunga
28 Agosti 1994

Scovia,

Waliponitoa nje ya kikao cha bodi nilikaa kwenye nyasi kando ya mlingoti wa bendera mpaka gari la mwisho likanilazimisha kuondoka, kwa hiyo sijui mliishiaje. Vifungo vyangu vyote nilivimwaga kutoka kwenye chupa nikaviacha juu ya meza yao na sijuti, ingawa koti la mwanangu linafungwa kwa pini.

Kazi imekwenda. Mwalimu Mkuu ameandika kwamba mimi ni mtu wa hatari asiyefaa kukaribia hata ndoo ya maji. Niliitwa nikasomewa. Nikamwambia mwalimu wa hapa kwamba kosa ni langu na nimelikubali kwa mdomo wangu, lakini barua hiyo imesahau mafuta. Akasema hilo halikuandikwa, na yeye huenda kwa yaliyoandikwa. Nitaomba tena Januari. Ikibidi nitaomba na Januari ya pili, watanizoea.

Usinihurumie. Tangu nitoke kwenye chumba kile nalala kama mtoto. Niambie tu. Umerudi darasani?

Filister

*

Shuleni, karibu na Rangwe
9 Septemba 1994

Anti Filister,

Nakuandikia nikiwa maabara, kwenye ile meza iliyoungua. Nimerudi. Sasa kaa chini nikueleze yaliyotokea ulipofungiwa mlango.

Ulipotoka, Mwalimu Mkuu alicheka kidogo akasema mmemsikia mfagiaji. Hakuna aliyecheka naye. Vifungo vyako vilikuwa vimetawanyika mezani, kimoja kinazunguka bado, na ile chupa imesimama katikati na jina lake kifuani. Bwana Joash aliitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atarudi kwa viatu vyake.

Kisha akaingia Teresa na mama yake. Anti, alama ni kubwa kuliko nilivyoambiwa. Aliponiona alinishika mkono mbele yao wote. Mwenyekiti wa bodi akamuuliza aliona nini. Akasema aliona ua la kiazi, halafu akaona maumivu. Mwenyekiti analima viazi hapa Rangwe, ekari mbili nzima. Akauliza kiazi kipi, kitamu au cha Kizungu, maana cha Kizungu kingine ua lake ni jeupe. Teresa akasema kitamu, ua lililofunguka asubuhi. Mwenyekiti akamgeukia Mwalimu Mkuu akasema, basi hiyo si manjano ya sodiamu aliyotutajia mama yule, mimi naamka na rangi hiyo kila siku.

Hapo Bwana Joash akasimama bila kuulizwa. Akasema nilikata punje ya njegere, yeye ndiye aliyenipa kipimo, na chupa ile anaikumbuka. Sijamsamehe vizuri, lakini alisimama, nami nitamhesabia hilo.

Ungamo likachanwa. Nikadhani tumemaliza. Mwalimu Mkuu akatoa karatasi nyingine, imepigwa taipu pia, inasema mwanafunzi Scovia Moraa Machuki amesamehewa na anaruhusiwa kurudi. Baba akaitoa ile kalamu yake mpya, akanipa. Nikaipokea. Nikakata neno amesamehewa, na juu yake nikaandika hakukosa. Ndipo nikatia sahihi. Mwalimu Mkuu akasema barua ya shule haisahihishwi na mtoto. Nikamwambia naweza kungoja hapo waipige taipu upya, sina haraka, mtihani ni Oktoba. Kisha baba yangu, ambaye hajawahi kumpinga mtu mwenye tai, akasema, iacheni hivyohivyo, mimi mzazi nimeisoma na nimekubali. Tulipofika Suna akamwambia mama, binti yako ameitumia kalamu yangu.

Sasa habari yako. Barua yako imenikuta hapa juzi na nimeisoma nikasaga meno. Kwamba mwalimu wa Magunga huenda kwa yaliyoandikwa, na mafuta hayakuandikwa. Haya. Nimefikiri siku mbili la kufanya.

Bodi imeagiza kila kemikali iwe na chupa yake na mafuta yake. Bwana Joash ametupa mimi na Teresa kazi ya kupanga kabati. Potasiamu iliyobaki ni ndogo kama kucha, bado imo ndani ya pazia lako. Tumeirudisha kwenye chupa ya kahawia, tukaijaza mafuta mpaka shingoni. Lebo ya zamani ilikuwa imechakaa, ikabidi tuandike mpya. Teresa alishika chupa, mimi nikaandika kwa wino usiofutika. Juu nimeandika POTASIAMU, kwa herufi kubwa. Chini yake nimeandika hivi: Filister Awino aliiombea mafuta mara tatu, Februari na Machi 1994, akanyimwa.

Mwalimu Mkuu ameshaiona. Alisimama mbele ya kabati, akasoma, akasogeza mkono kama anayetaka kuibandua. Darasa lote tulikuwa tunamwangalia, na Teresa alikuwa mbele kabisa na shavu lake. Kubandua lebo ya chupa ile ni jambo ambalo hakuna mtu shule hii anayeweza kulifanya tena. Akafunga kabati, akaenda zake.

Bwana Joash ameniahidi kuinakili lebo hiyo neno kwa neno kwenye karatasi ya shule, aitie sahihi yake, akutumie kabla ya Januari. Sasa imeandikwa.

Vifungo vyako nimevipata vyote isipokuwa kimoja. Nimevifunga kwa uzi, vimo ndani ya bahasha hii. Mshonee mtoto koti.

Mwanao,
Scovia Moraa